Shakwe na Firigisi ya Mkwe

Jameni, nitawaambia, lakini mcheke polepole, maana mama watoto yuko hapo jikoni anasikia na aibu hii ni ya kwao pia.

Enzi hizo simu za kamera zilikuwa za mabosi tu, namshukuru Mungu. Nilikuwa nimetoka Kitale na mjomba wangu kwenda Sirisia kwa akina Nekesa, mchumba wangu, kujitambulisha, na nyinyi mnajua kwetu Wabukusu firigisi ya kuku haiguswi ovyo. Mzee Wafula, baba yake Nekesa, akanipa yake kwa mkono wake mwenyewe (maana yake amenikubali, imebaki tu nile), na mimi badala ya kula nikaangalia juu. Ndege mkubwa alikuwa anazunguka kidimbwi chao cha samaki.

"Mwewe huyo! Fungieni vifaranga!" mzee akasema.

Sasa mimi nilikuwa nimepika hoteli moja Mombasa miaka kadhaa, na kujua nako kunawasha. Nikasema, "Hapana, baba, huyo ni shakwe mkubwa wa baharini, amepotea njia. Ona mgongo mweusi, kichwa cheupe pe, mdomo wa manjano na doa jekundu hapo chini. Tena hana shida, yeye anakula samaki tu." Nikamwonyesha hilo doa kwa mkono, mkono uleule wenye firigisi.

Nilisikia upepo tu, vidole vikabaki vitupu. Nikamkimbiza nikipiga kelele "Rudisha!" (ati ndege arudishe), nikakata kona ya jikoni, pu! nikamvaa mama mkwe na sufuria yake ya mchuzi, mama mkwe ambaye kwetu hata kumpa mkono ni mwiko. Akina mama wakapiga mayowe, mjomba akajifunika uso kwa kofia. Nikajua Nekesa amenitoka.

Mzee akaniita. "Si ulisema anakula samaki tu?"

"Hapo nilikosea, baba. Mombasa nimewaona wakinyang'anya wageni chipsi. Wanakula mayai, vifaranga, hata takataka. Lakini ni shakwe. Hata ukinifukuza saa hii, ni shakwe."

Mzee akaniangalia, mchuzi unanitiririka, halafu akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Huyu kijana bana! Ameaibika mpaka hapo na bado hatoki kwa neno lake? Huyo ataweza Nekesa. Chinjeni kuku ingine, na firigisi apewe ndani ya nyumba!"

Nilimeza bila kutafuna. Nimeapa, nikishika chakula cha wakwe sifundishi mtu ndege tena. Lakini boma zima waliona mwewe siku hiyo, jameni. Aliyeona shakwe ni mimi peke yangu.