Sauti ya MC Sabiri Iliyobaki Ntalikwa

Kila mchana, studio ikifungwa tukale, faili jipya la sauti lilikuwa linazaliwa kwenye kompyuta yetu.

Fundi ni mimi peke yangu. Na sikurekodi kitu!

Naitwa Zablon. Nahariri video za harusi hapa Gongoni, Tabora, kwa Mzee Sabiri. Mzee mwenyewe ni MC. Akishika maiki, hata Nzega watu wanaacha pilau wanasimama kucheza.

Nilikuwa nimechoka kuishi roho juu, kazi za watu zisije zikapotea. Nikapata mtandaoni programu ya bure ya kusimamia bakapu, yaani nakala za akiba. Shida moja: haiji tayari. Unapewa msimbo wake, unaiunda mwenyewe.

Aisee, ilinitoa jasho. Naipa amri, inagoma. Inadai kipande fulani. Nakileta, inadai kingine.

"Shikamoo Mzee. Leo inakubali."

"Marahaba. Ikikubali niite, nije niitambulishe kwa wageni waalikwa."

Ikakubali kweli! Nikafungua kivinjari, ukurasa huo hapo. Kila faili la studio naliona, na nakala yake ikisafiri kwa intaneti hadi kompyuta yangu ya zamani nyumbani, Ntalikwa.

Ndipo nikayaona yale mafaili ya mchana.

Nikamfuata Mzee nimuulize. Akaniwahi yeye.

"Zablon, naenda Dar kupasuliwa koo. Daktari anasema sauti inaweza isirudi."

"Na harusi ya Shamila?"

Shamila ni binti yake wa pekee. Mzee akatazama pembeni. Mafaili yakanitoka kichwani.

Akiwa hospitali, radi ikatupiga. Kompyuta ya studio ikaungua, hata harufu yake sitaisahau.

Mzee alirudi mzima, ila bila sauti. Alipoiona ile kompyuta, akakaa chini, machozi yanamtoka.

"Mzee, tutapata nyingine."

Akaandika kwenye simu, akanionyesha: *Maneno yangu ya harusi ya mwanangu yalikuwa humo. Nilikuwa najirekodi mchana.*

Yale mafaili ya mchana! Nikadandia bodaboda hadi Ntalikwa. Nikafungua ukurasa wangu, nikabonyeza kurejesha.

"Mabibi na mabwana, leo MC ni baba wa bibi harusi..."

Nililia kama mtoto.

Siku ya harusi Mzee alisimama na maiki, mdomo unacheza. Mimi nikaachia sauti. Shamila akapiga kelele, "Baba, umepona!"

Mzee akatikisa kichwa taratibu, akaonyesha spika. Shamila akaelewa. Chozi la kwanza likashuka.

Na spika ikaendelea: "Shamila, najua unalia. Acha. Ukiharibu hiyo poda, Zablon hajui kuirudisha kwenye video."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na hakuna aliyekuwa na macho makavu.

Wewe unayesoma, mrekodi mtu wako leo angali anaongea. Halafu nakala moja ipeleke mbali na unapolala.