Kipande cha Mwenye Mimba

Muuza papa wa soko la pwani ya Wesha, jirani yangu mimi niuzaye pweza, kabla hajamuuzia mtu yeyote hukata kipande cha mwenye mimba. Hukikata mgongoni, penye nyama nene, akakifunga kwa jani la mgomba na kukiweka pembeni, na ole wake atakayekigusa. "Haki ya tumbo hiyo," husema kwa sauti yake ya kukwaruza, wala hataki kusikia habari ya malipo. Vidole vyake vimepauka kwa chumvi na ndimu. Tangu bwana afya aje kutuambia kuwa papa wakubwa wana zebaki, sumu inayomdhuru mtoto tumboni, anakiosha kile kipande kama anayeosha maiti. Anakisugua ndimu, anakimwagia maji, anakinusa, anaanza tena. "Bibi, haioshiki hiyo," bwana afya alimwambia. "Imo ndani ya nyama." Akaitika, "Naam," na mikono haikusita.

Leo asubuhi Hamdiya alikuja na mimba yake ya pili, kamshika mkono binti yake wa miaka minne, ambaye mimba yake ililishwa vipande hivyohivyo. "Shikamoo, bi. Haki yangu ipo?" Muuza papa alikitazama kile kipande, kisha akakitupa baharini. "Leo hakuna, mwanangu." Akainama, akamuuliza yule mtoto jina lake, taratibu, kama anavyomuuliza kila amwonapo siku hizi. Mtoto akamtazama mdomo, kimya. Akauliza tena. Na tena.