Mkono wa Kulia wa Mlinda Daraja

Kwenye kliniki yetu ya meno tulimwita Kibano, kwa sababu kibano chake chembamba hakikumtoka mfukoni hata siku ya mapumziko. Yeye alitengeneza meno bandia chumba cha nyuma, mimi nikipokea wagonjwa mbele. Jino lake ukilitia mdomoni, ulimi wako mwenyewe hautajua kuwa ni mgeni. Lakini likiwa na kasoro ya unywele alilivunja na kuanza upya, hata kama mgonjwa alishakaa kwenye kiti akingoja.

Nyumbani alikuwa na kabati la kioo lililojaa sanamu za watu wa sinema. Si zile za plastiki za kuchezea watoto. Hizi zilikuwa na urefu wa shubiri moja na nusu, nguo za kushonwa, viatu vya kamba, na viganja vya kubadilisha. Bei yake aliificha hata kwa dada yake. Na zilimtesa! Kiganja kikikataa kuingia, alikipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, akakisukuma huku amebana pumzi, kisha tak! Kipini cha kukishikiza kimekatikia ndani ya kifundo cha mkono. Kesho yake anakuja kazini macho mekundu kama aliyefiwa.

"Watu wanasubiri meno siku tatu," nilimtania, "wewe unasubiri mwanasesere mwaka mzima."

"Si mwanasesere," alinijibu, wala hakucheka.

Aliyemsubiri kuliko wote alikuwa mlinda daraja, shujaa wa filamu moja ya zamani. Baba yake Kibano alikuwa mwendesha mashine kwenye jumba la sinema, na filamu hiyo aliionyesha mpaka akawa anatamka maneno kabla ya waigizaji. Kibano alikulia kwenye kile chumba cha mashine, amekaa juu ya kopo la rangi. Pale mlinda daraja anapoinua taa kwa mkono wa kulia na kuwaambia askari, "Hapa hapiti mtu," baba naye aliinua mkono, mtoto akacheka mpaka kwikwi.

Sasa mzee aliishi kwa dada mkubwa wa Kibano, na kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Alianza kwa kusahau sabuni imewekwa wapi. Kisha akasahau kwamba mkewe alishafariki, ikabidi aambiwe upya, alie upya. Filamu hakuisahau. Kibano alipomwonyesha picha ya sanamu, mzee aliishika kwa mikono miwili.

"Anakuja lini huyu?"

"Miezi sita, baba."

Miezi sita ikawa kumi. Watengenezaji waliandika kwamba rangi ya koti haijakaa sawa. Kumi ikawa kumi na tisa. Kila Jumapili mzee aliuliza, "Yule bwana amefika?" Na kila Jumapili Kibano alisema yuko njiani.

Mzigo ulipofika, mimi ndiye niliyetia sahihi. Tuliufungua chumba cha nyuma, katikati ya mifano ya mataya ya plasta. Koti lilikuwa zuri ajabu, na uso ulikuwa na mikunjo ya uchovu chini ya macho. Kibano akaanza kupanga viganja juu ya taulo, ghafla akaanza kuvigeuzageuza. Viganja vya kushikia taa vilikuwa viwili, vyote vya kushoto.

"Mvishe tu hicho cha kushoto," nikasema. "Nani ataona?"

"Dole gumba litatazama nje. Baba ataona. Mkono ule ameuona mara mia nne."

Akapiga picha, akawaandikia. Walimjibu kwa adabu nyingi: kiganja kitatumwa baada ya wiki nane. Alijaribu kukichonga mwenyewe kwa nta ya meno. Alichonga vitatu, akavitupa vyote, ingawa kwenye cha tatu mimi sikuona kasoro.

Siku moja dada yake alipiga simu nikiwa pale pale, na sauti yake ilinifikia mlangoni.

"Mdogo wangu, mlete hivyo hivyo alivyo. Leo baba kaamka vizuri, anamuulizia."

"Dada, nipe wiki chache tu. Nataka amwone akiwa mzima."

"Na baba je? Atakuwa mzima?"



Kiganja kilichukua wiki kumi na tatu. Siku kilipofika aliniomba nimsindikize; nadhani alitaka shahidi wa furaha yake. Tulimkuta mzee kwenye kiti karibu na dirisha. Dada alitutazama, akatupisha.

Kibano akamweka mlinda daraja mapajani mwa baba yake, taa juu, mkono wa kulia umenyooka. Mzee akalipapasa koti, akagusa vifungo kimoja kimoja. Nikaomba Mungu kimoyomoyo.

"Kizuri," mzee akasema. "Cha mtoto gani hiki?"

"Ni yeye, baba. Mlinda daraja." Kibano akainua mkono. "Hapa..."

Akangoja baba amalizie. "Hapa..." akarudia.

Mzee alimtazama kwa upole, kama mtu anayemngoja mgeni amalize shida yake. Kisha akamrudishia sanamu. "Kampe mwenyewe, asije akalia."

Kibano akapiga magoti. "Ningekuletea tu hata akiwa hana mikono, baba. Nisamehe."

Mzee akahangaika kuona mtu mzima analia, akamshika bega.

"Basi, kijana, basi. Una baba?"

"Ninaye."

"Nenda kwake. Msalimie sana."

Siku hizi Kibano huenda huko kila akitoka kazini. Hujitambulisha kuwa kinyozi, kwa kuwa mzee hakubali mtu asiye kinyozi amguse uso. Dada huleta maji ya uvuguvugu. Mzee hufumba macho na kumwachia shingo, na Kibano humnyoa taratibu, kwa muda mrefu kuliko kinyozi yeyote.