Kabati Lililojengwa Chumbani

Siku ya kuhama, fundi seremala aliketi juu ya ndoo akielekeza upakiaji. Tangu mkono wake wa kulia upooze, alichobaki nacho ni mdomo. Meza ipakiwe miguu juu, sahani zifungwe ndani ya mashuka, na kitakachohitajika kwanza wakifika kiingie mwisho. Safari ya kwenda kwa kaka yake, ambako wangeishi kwa hisani, ilikuwa ndefu.

Vitu vyote vikatoka isipokuwa kabati. Alilijenga humo humo chumbani walipooana, bila msumari hata mmoja, kwa viungo na gundi tu. Ndicho kitu pekee alichowahi kujitengenezea. Wapakiaji walililaza, wakalisimamisha, lakini mlango haukulipitisha.

“Mzee, milango ya watu wote umeipima, wako ukausahau?” dereva alimtania.

“Sikujua kama nitahama, mwanangu.”

“Tuliache, Baba Watoto,” mkewe alisema. “Mwenye nyumba atalitunza.”

“Atafugia kuku.”

Akaomba msumeno. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, ukamponyoka. Mkewe akauokota.

“Nikate wapi?”

“Kando ya kiungo. Taratibu. Labda nitaliunga tena.”

Lakini gundi yake ilikuwa bado imeshika kama siku ile. Viungo havikuachia, mbao ndizo zilizopasuka, moja baada ya nyingine, hadi chumba kikawa kitupu.

Dereva akasimama na vipande mikononi, utani umemwisha.

“Hizi tuzitangulize, mzee?”

“Ziingie mwisho,” fundi alijibu. “Tukifika tutahitaji kuni.”