Ukimya Juu ya Kisima

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali moja tu, nami nikalijibu vibaya. Ilikuwa kwenye shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, ukishapita Matisi, na aliyeniuliza alikuwa Nyapara Wekesa, mkuu wa kikosi cha wachimba visima, mtu mfupi mwenye mabega ya fahali wa plau.

"Wewe kijana, unaogopa kuingia chini?"

"Hapana, mzee," nikasema, kifua mbele.

"Basi rudi kwenu. Mtu asiyeogopa kisima ataniletea matanga."

Nilisimama palepale. Alipoona siondoki akanipa karai, nikabeba udongo wa wenzangu msimu mzima kabla hajaniruhusu kukanyaga ndani. Siku aliponishusha mara ya kwanza nilikuwa nimeng'ang'ania ukingo wa shimo. Akaniangalia akasema, "Sasa uko tayari."

Nyinyi mnaofungua mfereji halafu mnalalamika ati maji yana dawa, hamjui maji yalipatikanaje. Tulichimba kwa sururu na mtaimbo. Juu ya shimo kulikuwa na winchi, yaani gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lenye mkono wa chuma kila upande. Watu wawili wakizungusha, kamba inamshusha mchimbaji au inapandisha udongo. Kuta zikionyesha mchanga, tulizizuia kwa mbao. Kila asubuhi Nyapara alishusha mshumaa ndani ya mkebe. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, na hakuna mtu kushuka, hata Bwana mwenye shamba apige kelele namna gani. Kisha mchimbaji alikagua kamba yake mwenyewe, kwa vidole, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hayo yote yakishafanyika, kikosi kizima kilisimama kuzunguka shimo na kunyamaza.

Huko ndiko kuomba kwao. Nyapara na karibu wote walitoka upande wa Bungoma, kwenye kanisa ambalo watu wake hukaa kimya mbele za Mungu, bila ngoma wala mwongozaji, mpaka mmoja apewe neno. Asipopewa mtu yeyote, wanashikana mikono wanaenda nyumbani. Mimi nilibatizwa kwingine. Kwetu tuliomba mpaka mishipa ya shingo inasimama. Jamani, niliwacheka watu wale! Niliwaita kanisa la mabubu, nao wakaniita redio.

Tulihama shamba hadi shamba. Kule Ndalu tulichimba kwenye udongo mwekundu mzuri, unaokatika kama ugali uliopoa. Bungoma tulichimba karibu na stesheni, tukakuta mwamba, tukachubuka mikono. Halafu tukapelekwa upande wa Naitiri, kwa Bwana mmoja mrefu, mkali, aliyetaka kisima kabla ya kiangazi kukaza.

Wakati huo vita vikuu vya pili vilikuwa vimechacha. Vijana walichukuliwa, mahindi yalichukuliwa, na kila lori likisimama barabarani wanaume waliingia shambani kujificha. Mwana wa pekee wa Nyapara alikuwa amepelekwa ng'ambo na habari zake zilikuwa zimekatika. Nilimwona mzee akibaki amenyamaza pale kisimani wenzake wakishamaliza. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Mzee, kijana yuko mbali hivyo, na wewe unanyamaza tu? Si upaze sauti, bana, Mungu akusikie?"

Nilidhani atanifokea. Hakunifokea.

"Nimeshamwambia," akasema. "Sasa ninamsikiliza."

"Na amesema nini?"

"Bado." Akaenda kuwasha mshumaa.

Kisima cha Naitiri kilikuwa na mkanda wa mchanga katikati. Tuliuwekea mbao, tukaendelea chini. Nilikuwa ndani ninapiga mwamba kwa mtaimbo niliposikia mbao zinalia juu yangu. Sikupata hata nafasi ya kuita. Mchanga ulishuka, giza likaingia, na nilipofumbua macho nilikuwa nimezikwa hadi kiunoni. Mbao tatu zilikuwa zimeanguka zikapishana juu ya kichwa changu, na ndizo zilizoshika mzigo wote. Pembeni mwa mbao hizo palikuwa na upenyo mdogo ulioleta hewa na sauti.

Sauti nilizisikia vizuri. Mashine ya kupukusua mahindi ya Bwana ilikuwa inanguruma, akina mama wa shambani wanapiga mayowe, wanaume wanaitana. Nikapiga kelele hata sauti ikanikauka. Hakuna aliyenisikia katika vurugu ile. Nikagonga mwamba kwa mtaimbo, pigo moja, mbao zikatikisika na mchanga ukanimwagikia mabegani. Nikaelewa kwamba kila pigo lingeweza kuniua. Nikaacha kugonga, nikaanza kumwomba Mungu kwa sauti ileile iliyobaki, kama nilivyofundishwa.

Ghafla huko juu kukanyamaza. Mayowe yakakoma. Hata mashine ikakoma.

Sitawadanganya, hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nilijua wamekwenda. Nilimwona Bwana akilini akiwaambia yule ameshakufa, jazeni shimo. Nililia kama mtoto, bila sauti, nikamwita mama yangu moyoni, naye alikuwa ameshazikwa zamani. Nikamwambia Mungu, na Wewe pia umekwenda?

Kimya.

Nilikaa ndani ya kimya kile, na taratibu nikakitambua. Si nilikuwa nimesimama ndani yake kila asubuhi nikiangalia vidole vya miguu, nikingoja kiishe? Watu wakienda zao huacha vishindo, huacha maneno. Mimi sikusikia mtu akiondoka. Nikajiambia, wale mabubu wako juu yangu. Wananyamaza. Na Nyapara akinyamaza, anasikiliza.

Sauti yangu isingefika juu, nikashika mtaimbo. Nikasema, "Baba, mimi ni wako," nikagonga. Mchanga ukamwagika hadi kifuani. Nikagonga tena.

Sauti ya Nyapara ikaja kupitia upenyo, ya chini, bila haraka. "Redio, tumekusikia. Wacha kugonga. Uko upande gani?"

"Wa mashine ya mahindi, mzee!"

"Sawa. Tunaingilia upande wa pili. Sasa nyamaza, utumie hewa yako vizuri."

Mambo ya juu niliyasimuliwa baadaye. Bwana alikuwa amesema kweli nilivyoogopa: "Yeye nakufa kwisha. Mimi hapana taka mtu ingine kufa. Jaza shimo." Nyapara alimjibu, "Bwana, zima mashine kwanza." Wakabishana. Mwishowe Bwana akaenda akaizima kwa mkono wake, akavua kofia. Nyapara akawanyamazisha akina mama, kikosi kikasimama kuzunguka shimo. Wangeanza kuchimba bila kujua nilipo, mbao zile zingenishukia. Walinitoa jua likiwa bado halijazama. Nyapara alinipangusa mchanga usoni kwa shati lake, akalia, na mimi nikalia.

Niliendelea na kazi ile hadi mgongo ulipokataa. Nilishushwa visima vingi baada ya hapo na kila mara niliogopa, kwa hivyo msije mkaniambia imani ni kutoogopa. Mimi nilikagua kamba, nikashusha mshumaa, nikaogopa, nikashuka. Na bado ninaimba kanisani kwetu kwa sauti kubwa kuliko vijana wenu wa vipaza sauti.

Mwana wa Nyapara hakurudi. Vita viliisha, wenzake wakashuka kwenye treni pale Bungoma, yeye hakushuka. Nilimuuliza mzee mara moja tu, "Amesema?" Akanijibu, "Bado," akaendelea kukagua kamba. Nilimpenda mzee yule. Sikupata kumwambia kwa mdomo.

Tulipomzika nyumbani kwake, udongo wa mwisho ukishawekwa, akina mama walianza mayowe na kwaya yetu ikaanza wimbo. Niliinua mkono nikawaomba wote wanyamaze. Wengine walidhani nataka kuhutubia. Nilisimama pale kaburini nimevua kofia, kichwa nimeinamisha, na watu wakasimama nami. Nilijua vizuri kwamba mzee hatagonga. Nilisikiliza hata hivyo.