Mpini wa Mkahawa Mbichi

Wiki iliyopita nilikuwa napaka rangi sebule yangu hapa Kijenge, kwa brashi mpya niliyoinunua siku hiyohiyo sokoni Kwa Mrombo. Sijamaliza hata ukuta mmoja, kichwa kikachomoka na kutumbukia ndooni, nikabaki na mpini mkononi. Nilitaka kucheka, ndugu yangu, lakini machozi ndiyo yaliyotangulia. Nikakaa sakafuni, na harufu ya moshi wa kuni za mkahawa, mti wa kahawa, ikanijia palepale, katikati ya mji.

Bibi yangu alikuwa akitengeneza brashi za chokaa. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko wa mlima Meru, ndani ya migomba, mahali ambapo asubuhi ukungu uliingia mlangoni bila kupiga hodi. Kila mwaka kabla ya Krismasi nyumba za upande ule zilipakwa chokaa, ili waliokwenda mbali warudi wakute kweupe, na kanisa letu dogo ndilo lililotangulia. Brashi za kanisa zilitoka kwa bibi. Hicho ndicho kilikuwa cheo chake, wala hakutaka kingine.

Alichana katani, akaikata sawasawa, akaifunga kwa uzi mpaka shada likawa gumu kama ngumi. Kitako cha shada alikichovya kwenye lami ya moto, akakivisha pete ya bati iliyokatwa kwenye kopo la mafuta ya kula. Upande wa pili wa pete ndipo mpini ulipoingia, ukagongwa mpaka ukashikana na lami kabla haijapoa, kisha ikafuata misumari midogo kuzunguka bati. Misumari ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa na nilijiona fundi kamili.

Mipini ilikuwa matawi ya mkahawa, yaliyokaushwa uchagani juu ya meko msimu mzima. Bibi hakuitazama, aliisikiliza. Mpini mkavu ukiugonga ulilia kwa sauti nyembamba. Mbichi uliitika kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alikuwa akisema mti mbichi hauna haya: leo umekaza, kesho unakonda na kukuacha. Nilijifunza kuitambua tofauti ile hata nikiwa nimefumba macho, nimelalia paja lake, mvua ikinyesha juu ya migomba.

Mwaka mmoja alikwenda kumwangalia dada yake mgonjwa, akaniachia brashi mbili za mwisho za kanisa. Lami ilikuwa tayari, wenzangu wananiita kwenye mazoezi ya kwaya. Mipini mikavu ilikuwa juu kabisa, mibichi ilikuwa karibu na mkono. Niligonga miwili ile ya karibu, ikaitika nzito. Nikaipigilia misumari hivyohivyo, nikakimbia kuimba.

Kufikia siku ya kupaka kanisa mipini ilikuwa imekondea ndani ya bati. Mwinjilisti wetu, aliyeliongoza kanisa lile, alipanda ngazi mwenyewe, kichwa cha brashi kikachomoka na kumwangukia begani, chokaa ikachirizika kwenye koti lake jeusi. Watu walicheka sana. Ya pili ikafuata kabla ya mchana, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwinjilisti alimuuliza bibi, aliyekuwa amesharudi kwa dada yake, kwa upole imekuwaje. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nimeshika kitenge chake. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulifundishwa hivyo, mimi nikaficha.

"Ni masikio yangu, mwinjilisti," bibi alisema. "Yamezeeka."

Mwaka uliofuata kanisa lilinunua brashi mjini. Walisema bibi apumzike, na walisema kwa upendo. Aliendelea kukausha mipini kila msimu, ikajaa uchagani, hakuna aliyeiulizia. Nami kila likizo niliapa nitamwambia, lakini niliishia kwenye shikamoo.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kitandani. Aliniomba nimletee mipini miwili. Akagonga mmoja kwenye ubao wa kitanda, kisha wa pili, akaniuliza upi mbichi. Nikamwambia ni wa pili.

"Najua unasikia," alisema. "Hata siku ile ulisikia."

Nililia kama mtoto. Akaniwekea ule mkavu kiganjani, akaukunja mkono wangu juu yake. "Na mimi masikio yangu hayajazeeka, mjukuu wangu."

Siku hizi nyumba ile ina jiko la gesi, uchaga ulivunjwa, na kanisa limepakwa rangi ya kopo. Mwinjilisti alishafariki. Wote walioshuhudia siku ile walimzika bibi wakiamini masikio yake ndiyo yaliyomwangusha.

Nikiwa pale sakafuni niliugonga ule mpini wa Kwa Mrombo. Ukaitika nzito. Nikasema kwa sauti, kwenye sebule isiyo na mtu, maneno niliyopaswa kuyasema chini ya ngazi ile: "Ni mimi, mwinjilisti. Bibi hakuwepo."