Baba Alipomwogesha Mbwa Hadharani

Harufu ya dawa ya kupe iliyopigwa na jua humkaa mtu kooni siku nzima. Ina ukali wa mafuta ya taa na uchungu fulani ambao hata uji wa moto hauuondoi. Pale Kakuma nilikokulia, upande wa mji na si ule wa kambi ya wakimbizi, harufu hiyo ilitangaza kwamba leo mbuzi wanaogeshwa. Baba yangu alikuwa na beseni kubwa la bati lililobonyea upande mmoja, na majirani walileta mbuzi wao kwake kwa sababu hawakuwa na beseni, na pia kwa sababu Baba aliaminika kuujua uchanganyaji wa dawa. Mbuzi walilia na kupiga mateke, watoto tulirukiwa na matone na kukemewa tusijilambe midomo, na jioni vumbi lote la boma letu lilikuwa linanuka. Dawa iliyobaki haikumwagwa kamwe. Ilikuwa imenunuliwa, na kwetu kitu kilichonunuliwa hakiendi ardhini hivi hivi. Iliyobaki ilikuwa ya mbwa.

Mbwa wetu aliitwa Lokwang, jina ambalo kwa Kiturkana hupewa kiumbe mweupe, ingawa weupe wake ulikuwa wa vumbi zaidi. Manyoya yake yalikuwa mafupi na machache, na ukiyapuliza ungeiona ngozi chini yake, nyekundu na nyembamba, ngozi ambayo haikuumbwa kwa ajili ya jua la Turkana. Kila kiangazi kilipokaza alijikuna mpaka usingizi ukamtoroka. Mama alikuwa amemwosha kwa sabuni ya kipande, ileile tuliyofulia nguo, na mbwa akazidi kujikuna. Tukampaka jivu, akazidi tena. Baba alikuwa mtu wa kupenda suluhisho kali, na methali yake kuu ilikuwa dawa ya moto ni moto. Aliitumia kwa mafua, kwa watoto wakaidi na kwa ukuta unaoegemea. Tulimcheka kidogo, lakini tulimwamini kabisa.

Siku ile mbuzi walikuwa wengi, na kazi iliisha mapema kuliko alivyodhani. Beseni likabaki juani na dawa yake, Baba akaenda kunywa chai, chai ikaleta maongezi. Sasa, jua la Kakuma hunywa maji, lakini dawa haliinywi. Aliporudi alasiri, kilichokuwa kimebaki ndani ya beseni kilikuwa kidogo na kizito, na Baba, aliyejua kuchanganya kuliko watu wote wa mtaa, hakufikiria kukiongezea maji. Alimshika Lokwang shingoni na kumwagia kuanzia mabegani hadi mkiani, akasugua vizuri kwa kipande cha gunia ili dawa iingie. Mimi nilikuwa nimeshika miguu ya mbele. Mbwa alinyamaza kwanza, akiwa amezoea mambo yetu. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mnyama, akajinasua na kwenda kujigaragaza mchangani, na majirani waliokuwa bado wanafunga mbuzi wao wakasimama kutazama.

Baada ya siku chache ngozi ya mgongo ilianza kuambuka. Nzi wakamjua. Alinuka vibaya, alitembea kichwa kikiwa chini, na mate yalimtoka kwa maumivu, basi watu wakaanza kusema ana kichaa. Wazee watatu wa mtaa walikuja wakakaa na Baba kivulini. Walisema kwa upole kwamba kuna watoto wadogo hapa, na kwamba kaka yangu Ekai alikuwa karibu kuondoka na mbuzi kuelekea malisho ya kaskazini, njia ya Nadapal. Mbwa akipona kabla ya safari, aende. Asipopona, apigwe rungu, na Baba ndiye ampige, kwa kuwa ni wake. Baba alikubali. Aliogopa kwa ajili ya mbwa, lakini aliogopa pia kwa ajili ya Ekai, maana huko malishoni fisi huja wakati mchungaji amelala, na anayeamka ni mbwa. Usiku ule hakula. Mama alimwekea chakula mara mbili.

Asubuhi alisema Lokwang ataogeshwa kila siku kwa maji matupu mpaka sumu yote itoke. Mama aliuliza maji gani. Ni swali la haki. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, na wanawake walikuwa wakichimba mchangani kwenye Tarach, ule mto wetu ambao miezi mingi ni njia ya mchanga tu. Waliingia shimoni mpaka mabegani, wakichota kwa kikombe na kusubiri maji yajikusanye tena. Mama akasema maji aliyoyachota kwa mgongo wake hayatamwagikia mbwa, na hakusema kwa hasira. Baba akachukua mtungi na kikombe, akatoka kwenda kuchimba mwenyewe.

Asiyekulia kwetu huenda asione kilichokuwa kikubwa hapo. Kuchimba maji ni kazi ya wanawake na wasichana. Mwanamume mzima, mwenye kofia yake ya manyoya ya mbuni na heshima yake ya beseni, hashuki shimoni na kikombe. Akishuka, basi ameoa vibaya au amerogwa. Na kushuka kwa ajili ya mbwa! Wanawake walikipitisha kicheko kutoka shimo hadi shimo, na kabla ya wiki kuisha walikuwa wamekitungia wimbo. Baba alijichimbia shimo lake kando, akamwogesha mbwa palepale mchangani, kwa sababu kubeba maji hadi nyumbani kungemaliza jioni yote. Mimi nilikuwa nashika kichwa cha Lokwang ili asijilambe. Kwa hiyo wimbo ulinihusu.

Jirani mmoja, mama wa rafiki yangu wa darasani, alisimama na mtungi wake kichwani, akamsalimu Baba kwa Kiturkana na kumwita kwa jina langu, "Ejok, Baba Akiru. Siku hizi mbwa ndio anaoga, na sisi hata uso hatujanawa."

Baba hakuinua kichwa. "Ni mimi nilimchoma," alisema. "Maji yake nachimba mimi."

Nilitamani mchanga unifunike. Angeweza kusema mbwa ni mgonjwa, ingetosha. Angeweza kusema dawa ilikuwa mbovu, na hata hilo wangelikubali, maana wauza dawa hawakuwa na sifa nzuri. Lakini yeye alitaja kosa lake kwa sauti ya kawaida, kila alipoulizwa, mbele ya watu walewale waliomletea mbuzi, na kila alipolitaja mimi ndiye niliyekosa pa kutazama. Shuleni waliniita Mwosha Mbwa. Waswahili wana methali yao, mwosha huoshwa, na mwalimu wetu alipoifundisha muhula ule darasa zima liligeuka kunitazama, naye hakuelewa kwa nini. Nilianza kwenda mtoni nikiwa nimejifunika leso mpaka kwenye macho. Nani hakunijua? Nilikuwa na leso moja tu.

Njia yetu ya kurudi ilipita mbele ya duka la Mama Hodan, Msomali aliyeuza sukari, unga na vitambaa. Yeye na jamaa zake hawagusi mbwa, kwa dini yao mate ya mbwa ni najisi, na sisi kwa adabu tulikuwa tukizunguka nyuma ya duka tukiwa na Lokwang. Jioni moja aliniita. Nikajua nakwenda kugombezwa.

"Simama hapo hapo, mwanangu, usikuje karibu. Mkono yako imeshika mbwa," alisema. Kisha akaweka juu ya jiwe kifurushi cha gazeti, akarudi nyuma. "Hii ni qasil. Sisi tunaosha nayo uso. Ambia baba asisugue hiyo ngozi. Apake, akae kidogo, amwage maji. Halafu mbwa akae kwa kivuli."

Niliona haya ambayo sikuyaelewa. Mwanamke ambaye mbwa kwake ni najisi alikuwa ameutazama mgongo wa mbwa wetu kwa makini kuliko mimi niliyeushika, maana mimi muda wote nilikuwa nikitazama nani anapita. Baba alifungua gazeti, akanusa ule unga wa kijani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya beseni. Yalikuwa majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kutwangwa, mti tunaouita ekalale, ambao umejaa kando ya Tarach, na mbuzi wetu wanayala kila siku. Unga wa Mama Hodan ulipokwisha tulitwanga wa kwetu. Ukiukoroga na maji hutoa povu laini lisilouma. Baba aliupaka kwa kiganja kilicholegea, bila gunia, akaondoa manyoya yaliyogandamana kwa kitana kibovu cha Mama, nywele chache chache, kisha akamkausha kwa kumgusagusa kwa kitambaa. Sijamwona akimshika mtu yeyote hivyo, hata sisi tulipougua.

Lokwang akapona. Ngozi ilifunga, ikaacha madoa, na manyoya yakarudi mahali pengine na pengine hayakurudi. Wazee walikuja wakamtazama, wakasema aende. Lakini kila Baba alipoinua kikombe cha maji, mbwa yule alijipenyeza nyuma yangu akitetemeka na kujikojolea, hata siku ya mwisho, hata baada ya jioni zote zile. Mwishowe Baba alinipa mimi kikombe, akawa anakaa mbali na kunielekeza kwa maneno. Asubuhi ya kuondoka, mbuzi walimpita Baba pale mlangoni mwa boma, wengine wakimkanyaga miguu, na Lokwang akamzunguka kwa mbali ndipo akawafuata. Mama, aliyekuwa amenyima maji yake, alimwonea Baba huruma akasema mbwa atasahau. Baba akasema mbwa hadaiwi kusahau. Akaenda kulifunika beseni.

Leo naishi Lodwar na nina bomba uani. Mbwa wangu aliletwa kutoka Kitale akiwa mdogo, ni mweupe mweupe naye, na ngozi yake haitaki jua wala manukato. Namwogesha kwa shampuu ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa wa namna yake. Napima maji kwa kifundo cha mkono, nasuuza tumboni na katikati ya vidole mpaka povu lote liishe, namkausha kwa taulo lake mwenyewe, namchana kwa brashi laini. Nafanya vizuri, najua. Na kila mara, kabla ya kufungua bomba, nafunga geti na kuweka komeo, kwa sababu vichochoro vya jirani havipati maji kila siku, na wanawake hupita hapo nje na mitungi.

Baba alikuja kunitembelea mwaka huu. Ni mzee sasa, anatembea na fimbo, na Kakuma hadi Lodwar kwake imekuwa safari. Alinikuta uani nimechuchumaa na mbwa, mikono imejaa povu. Akasimama.

"Umemkosea nini?" aliuliza.

Nilimwambia sijamkosea, ngozi yake tu ni dhaifu, huoshwa hivi ili asijikune. Akavuta kiti cha plastiki akakaa. Alinitazama nikipaka povu bila kusugua, akatikisa kichwa kukubali. Mbwa alikuwa ametulia, macho nusu yamefumba. Nje sauti za wanawake zilipita, na mlio wa mitungi mitupu ikigongana. Baba akageuka kulitazama geti, akalitazama lile komeo, kisha akanitazama mimi.

"Kama hujamkosea," alisema, "umejifungia ya nini?"

Niliona aibu, nikafunga bomba. Kisha nikakumbuka kwamba povu likikaa mgongoni litamchoma, nikalifungua tena. Geti sikuligusa.